Digidigi na Wakala wa Ng'ambo

Paukwa!

Pakawa!

Naona wa mbele wameitika, wa nyuma bado wanatafuna mahindi. Mezeni kwanza. Paukwa tena!

Pakawa!

Sasa tuko pamoja. Hadithi hii sikusimuliwa na mtu. Niliiona kwa macho haya mawili, la kulia na la kushoto. Nilikuwepo uwanjani, nimeshikilia mwamba wa goli usidondoke. Nilikuwemo ndani ya tenga, chini kabisa, pale panapobana. Nilikuwepo Ng'ambo, nikatetemeka mpaka meno yakapiga ngoma. Mwenye wasiwasi aulize mwishoni, nami nitajibu nikipenda.

Hapo zamani za kale, kale ya juzijuzi tu, wanyama wa Nyikani walipatwa na ugonjwa mmoja. Ugonjwa wa mpira. Asubuhi mpira. Jioni mpira. Walichukua majani makavu, wakayafunga kwa kamba za mkonge, wakacheza chandimu mpaka vumbi likafunika jua. Kiboko alikaa golini, na akikaa goli lilikuwa limejaa. Nyumbu walikimbia upande mmoja wote pamoja, hata kama mpira ulikuwa upande mwingine.

Na katika wote hao, hakuna aliyecheza kama Digidigi.

Mnamjua digidigi. Mnyama mdogo, miguu kama vijiti vya kuchokonolea meno. Akishtuka hulia digi-digi-digi, ndiyo maana akaitwa hivyo. Huyu wa kwetu, jina lake la uwanjani lilikuwa Sindano, kwa sababu palipokuwa na tundu alipita. Anachukua mpira, tiki, tiki, tiki. Chenga kulia, Nyumbu puu. Chenga kushoto, Pundamilia puu. Kiboko anapanua miguu ajiweke sawa, mpira unapita katikati. Tobo. Uwanja mzima unalala chini kwa kicheko.

Siku moja alimpiga Twiga kanzu. Ndiyo, Twiga. Mpira ulipita juu ya kichwa cha Twiga, Sindano akaupokea upande wa pili. Nawaona mnagusana viwiko. Gusaneni tu, mimi nilikuwepo.

Sindano alikuwa anaishi na bibi yake kwenye kichaka cha miiba. Bibi huyo masikio yake yalikuwa makubwa lakini yalichagua la kusikia.

Basi siku hiyo ya kanzu, pembeni ya uwanja alisimama mgeni. Amevaa koti jeupe lenye ncha nyeusi. Soksi nyekundu mpaka magotini. Amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja kana kwamba anauhifadhi kwa matumizi ya baadaye. Alikuwa Korongo. Kila mwaka huja Nyikani mvua zikianza na huondoka zikiisha, na hakuna aliyewahi kumuuliza anakokwenda.

Mechi ilipoisha Korongo alimfuata Sindano mpaka kichakani, akampigia Bibi hodi kwa adabu zote.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ni wakala."

Bibi akageuza sikio la kulia. Kisha la kushoto. Akauliza, "Wakala nini?"

Korongo akatabasamu. Akaeleza taratibu kwamba wakala ni yule anayewatafutia vijana timu. Kwamba yeye huwapeleka Ng'ambo, kule kwenye viwanja vya majani mabichi, mpira wa ngozi, na rais wa klabu anayekuja mwenyewe kukupokea.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema Bibi. "Wakala. Mimi nauliza, wakala nini? Na walipomaliza kula, ikawaje?"

Majirani waliokuwa wamekuja kuchungulia walicheka mpaka wakashikana mabega. Wakasema Bibi wa watu hajasoma, anachanganya mambo. Hata Sindano alicheka, kwa aibu, akimtazama mgeni kama kumwombea msamaha. Bibi hakucheka. Aliendelea kungoja jibu.

Korongo akageukia kazi. Akamuuliza Sindano umri. Sindano akasema ana misimu mitatu.

"Kuanzia leo una msimu mmoja na nusu," Korongo akasema. "Huo ndio umri wako wa mpira."

"Na hizi pembe?"

"Wakikuuliza, sema ni vipele."

Kisha akatoa jani la mgomba lenye maandishi. Huo ndio mkataba. Sindano atie ukwato wake kwenye tope, aukandamize pale chini. Mimi nilishika lile jani mkononi, maana nilifika darasa la nne kabla ya darasa la nne kunichoka. Zile herufi kubwa nilizisoma zote. Ziliandikwa NYOTA WA KESHO. Zile ndogo zilikuwa kama mayai ya chawa, nikaona si adabu kumkodolea mgeni macho. Sindano akatia ukwato. Chap.

Ikabaki nauli. Nauli ilikuwa debe la kumbikumbi waliokaangwa. Kijiji kizima kikachanga. Nguchiro akaleta kikombe, Kanga mkubwa akaleta viwili, Bibi akatoa wale aliowaweka kwa ajili ya kiangazi. Korongo akalipokea debe, akaenda nyuma ya kichaka, akarudi na debe tupu akijifuta mdomo.

Bibi akamwona. Akasema peke yake, "Haya, huyo mmoja ameshakula."

Asubuhi likaja tenga, lile lile la kubebea kuku. Korongo na ndugu zake watatu walilishika pembe nne. Ndani akaingia Sindano, akaingia Tumbili anayepiga mashuti kwa mkono na mguu, akaingia Kanga mdogo anayekimbia bila kuchoka. Uwanja mzima ukapunga mikono, kwato na mikia. Tenga likapaa, vuu. Tukaiacha nyika. Tukavuka jangwa. Tukavuka maji makuu. Tumbili alitapika kwenye kila nchi tuliyoipita.

Tukatua Ng'ambo.

Majani yalikuwepo, hilo sikatai. Mabichi, marefu, yanafika shingoni. Lakini chini yake palikuwa na maji, na chini ya maji tope. Palikuwa bwawani. Hapakuwa na goli. Hapakuwa na mpira wa ngozi. Palikuwa na ngiri mmoja mzito wa kijiji kingine cha Nyikani, anachechemea, ambaye aliwatazama wageni akasema tu, "Na nyinyi mmeletwa."

Korongo akakusanya mikataba, akasema anaitunza isilowe. Akaichomeka kwenye kiota chake juu ya mti mkavu. Kisha akasema rais wa klabu anakuja kesho. Leo tufanye mazoezi ya pumzi. Mazoezi yenyewe ni kukimbia kwenye majani, huku na huku, bila kusimama.

Wakakimbia. Chwa, chwa, chwa. Sindano mbele, Kanga nyuma yake, Tumbili analalamika, Ngiri anachechemea. Kesho yake rais hakuja, alikuwa ana kikao. Wakakimbia. Keshokutwa rais alikuwa ana mafua. Wakakimbia. Mtondo rais alikuwa njiani. Wakakimbia. Na kila walipokimbia, Korongo na ndugu zake walikuwa nyuma yao, wanatembea polepole kwa zile soksi nyekundu, vichwa chini.

Sindano alidhani wanatazama miguu yao, wanapima uchezaji.

Ikapita hivyo miezi minne, kisha kifundo cha mguu kikaanza kumuuma. Alirudi nyuma kidogo, akajificha kwenye majani apumue. Ndipo akaona.

Wenzake wakakimbia. Majani yakatikisika. Vyura waliojificha wakaruka juu kwa hofu. Korongo wakanyoosha midomo. Wakala.

Wenzake wakakata kona. Vyura wakaruka. Wakala.

Wakarudi tena. Wakala. Wakala. Wakala.

Sindano akakaa chini kwenye maji kama aliyepigwa. Kumbe Bibi hakuchanganya mambo. Kumbe Bibi ndiye peke yake aliyelisikia neno vizuri.

Akamwendea Ngiri, akamweleza. Ngiri hakushangaa. Alisema yeye yuko msimu wa pili, alijua tangu mwaka jana, ila alijua akiwa tayari mguu umevunjika. Akasema na jambo lingine. Baridi ikianza, Korongo huruka kwenda Nyikani kutafuta wapya. Wenye miguu mizima huhamishiwa bwawa jingine. Wenye miguu mibovu huachwa hapa. Mwaka jana waliachwa watatu, na yeye alinusurika kwa sababu ana mafuta. Wale wengine wawili hawakuiona asubuhi ya barafu.

Sindano akautazama mguu wake. Kifundo kilikuwa kimevimba kama ukwaju. Na upepo wa siku ile ulikuwa umeshaanza kuuma masikio.

"Kwa nini hamkuondoka?" akauliza.

"Tuondoke kwenda wapi? Kule nyumbani walituchangia kumbikumbi. Nirudi na nini, kiwete?"

Hilo kila mmoja wao alikuwa ameshaliwaza.

Sindano hakulia. Yaani alilia kidogo, nilimwona, lakini huku anafikiri. Akaenda ukingoni mwa bwawa akamkuta Mama Chura, kichwa chake tu kiko nje ya maji. Akamwamkia. Mama Chura hakuitikia.

"Nyinyi ndio mnaotufukuza majanini," akasema. "Nilikuwa na watoto mia nne. Sasa nina mia moja, na huyu mmoja kiziwi."

"Hatukujua, mama. Tuliambiwa ni mazoezi."

Mama Chura akamtazama sana. "Na sisi tulidhani nyinyi mko upande wao."

Wakaongea. Waliyoongea siyasemi sasa, mtayaona. Mama Chura alikataa mara mbili. Alisema watoto wake si chambo. Sindano akamjibu kwamba leo hii wanaruka midomoni bila kupanga, yeye anawaomba waruke mara tatu tu, kwa kupanga, tena waruke kuelekea majini. Mara ya tatu Mama Chura akakubali.

Kesho yake Korongo alipokuja kusema rais amekwama kwenye foleni, Sindano akamwambia kwa upole kwamba kuna jambo linawasumbua vijana. Rais akija, huenda akauliza huyu wakala yeye mwenyewe alichezea timu gani. Wao watajibu nini?

Korongo akavimba koo. Akasema yeye, enzi zake, alikuwa winga hatari. Ndugu zake watatu wakadakia kwamba na wao walikuwa hatari. Mmoja alisema aliwahi kufunga goli kwa goti, na hakuna ndege mwenye goti linaloelekea mbele.

"Basi tucheze," akasema Sindano. "Wanne kwa wanne. Wa kwanza kufikisha magoli matatu. Tukishindwa, tutakimbia kwenye haya majani mpaka tukauke, wala hatutauliza tena habari za rais. Tukishinda, mtatupa mikataba yetu, na tenga litarudi nyumbani na sisi ndani, wazima na viwete."

Korongo walicheka, ka-ka-ka-ka, wakigonga midomo. Wakakubali hapo hapo. Wakala huyu alikuwa ameangalia mpira maisha yake yote, akajua kuangalia ndiko kucheza.

Wakachomeka vijiti vya magoli kwenye tope, wakafunga mpira wa majani. Refa akawa Kobe wa bwawani, mtu asiye na upande, ambaye hushika filimbi mdomoni na huchukua muda kukumbuka kuipuliza. Golini kwetu akakaa Ngiri na mguu wake. Golini kwao akasimama Korongo mwenyewe, akatandaza mabawa, na goli lote likafunikwa kama limeanikwa shuka. Goli lao lilitazama uwanja, na nyuma yake kulikuwa na ukingo wa tope, kisha maji.

Prriii.

Korongo walikuwa warefu, kila hatua yao ilikuwa hatua kumi za Kanga. Wakapita juu tu. Mpira ukagonga mdomo wa mmoja ukaingia. Moja bila. Tumbili akapiga shuti, bawa la Korongo likalidaka. Wakaja tena, Ngiri akajirusha upande wa mguu mzima, mpira ukaingia upande wa mguu mbovu. Mbili bila.

Sindano alikuwa anachechemea wazi sasa. Korongo akamwita kutoka golini. "Nyota wa kesho, vipi? Pole pole, usije ukaumia ukaachwa."

Sindano akachukua mpira. Tiki, tiki, kwa miguu mitatu. Korongo wa kwanza akaja, miguu yake mirefu imeachana kama ngazi. Tobo. Wa pili akaja. Tobo. Halafu, badala ya kupiga, akainua pua juu na kulia ule mlio wake wa hofu.

Digi-digi-digi!

Nyuma ya goli, ukingoni, vyura mia moja wakaruka. Hata yule kiziwi, alisukumwa na dada yake.

Korongo aliona kwa pembe ya jicho. Alijizuia, nasema ukweli, alijizuia kwa muda wa kupiga chafya moja. Kisha koo likapanda, koo likashuka. Wakala ni wakala. Akaacha goli, akageuka, akanyoosha mdomo. Vyura wakaingia majini, chubwi, chubwi, chubwi. Mdomo ukaingia hewani, ukatoka na hewa. Na nyuma yake mpira ukapita golini taratibu, ukitembea. Mbili moja.

Korongo akarudi amekasirika, akaapa hatageuka tena. Mpira ukaanzishwa. Kanga akaupora, akampa Tumbili, Tumbili akampa Sindano. Digi-digi-digi! Vyura wakaruka. Safari hii wote wanne waligeuka, kila mmoja anaogopa mwenzake asije akala peke yake. Chubwi, chubwi. Mbili mbili.

Sasa Korongo akawaita ndugu zake, akawapanga wote wanne golini, mabawa yameshikana. Hapakuwa na tundu la kupitisha hata uzi. Akasema wakitaka goli la tatu walitafute huko Nyikani. Na kweli, vijana walikuwa wamechoka, Sindano mguu hausimami tena, na yeyote angeona kwamba shambulio lingine la korongo lingemaliza maneno.

Sindano akasimama mbele ya ukuta ule wa manyoya. Akalia mara ya tatu, kwa sauti ndogo iliyokauka.

Digi-digi-digi.

Mia moja hawakuruka. Aliruka mmoja tu. Mama Chura mwenyewe, mnene, anang'aa, akatua juu ya tope hatua mbili kutoka nyuma ya goli. Akakaa pale. Hakwenda majini.

Korongo wanne wakamtazama. Makoo manne yakapanda, makoo manne yakashuka.

Wakaruka kwa pamoja kama mishale. Mama Chura akasogea pembeni, hatua moja, bila haraka, kama anayempisha mgeni mlangoni. Midomo minne mirefu ikaingia kwenye tope. Chopo, chopo, chopo, chopo. Ikazama mpaka machoni. Ikakwama.

Sindano akausukuma mpira kwa pua. Ukavuka mstari. Tatu mbili. Kobe akapuliza filimbi baada ya muda kidogo, akiwa amekumbuka.

Walibaki pale, mikia juu, soksi nyekundu zinapiga teke hewa. Tumbili akapanda kwenye kiota akashusha mikataba. Ngiri akashika mguu wa Korongo tayari kuvuta, lakini hakuvuta kwanza. Akamuuliza kama tenga bado lipo. Sauti ikatoka chini ya tope, ikasema lipo. Akamuuliza kama litabeba na ngiri mzito mwenye mguu mbovu. Sauti ikasema litabeba.

Ngiri akavuta.

Siku ya tatu tenga likatua Nyikani, katikati ya uwanja, mechi inaendelea. Vijana wakashuka mmoja mmoja. Hapakuwa na medali. Hapakuwa na viatu vya kung'aa. Kulikuwa na Sindano anachechemea na Ngiri anachechemea zaidi, na kila mmoja anatazama chini, akingoja kuchekwa kwa ajili ya wale kumbikumbi.

Bibi akapita katikati ya watu. Hakuuliza habari za goli wala za klabu. Akageuza sikio la kulia, akasema, "Wakala?"

"Wakala, Bibi," akasema Sindano.

"Wakala nini?"

"Sisi."

Bibi akatikisa kichwa, kama mtu ambaye barua yake imechelewa lakini imefika. Hakuna aliyecheka safari hii. Kisha Sindano akatoa lile jani la mgomba lenye ukwato wake, akalitazama, akaliweka mdomoni. Akatafuna. Zile herufi kubwa zilishuka upesi, zile ndogo zilimkwama kwenye meno mpaka jioni.

"Nami nikala, Bibi," akasema.

Hapo ndipo watu walipocheka. Wakacheka mpaka Kiboko akaangukia nje ya goli na goli likabaki wazi. Wakamwita Korongo mbele, wakamsimamisha kwa miguu yote miwili, akaapa mbele ya Nyika nzima kwamba hatampeleka tena mtoto wa mtu Ng'ambo. Kifundo cha Sindano kikapona kwa kukandwa. Anacheza mpaka leo, na kabla ya mechi Bibi huulizwa kwanza amesikia nini.

Funzo lake nalisema wazi, asije mtu akasema sikusema. Ukiitwa uende mbali kucheza, uliza jina la klabu, uliza nani alikwenda akarudi, na karatasi isomwe mpaka herufi za chawa. Na mtu akikukimbiza akakwambia ni kwa faida yako, geuka utazame nani anakula nyuma yako. Ukirudi mikono mitupu, rudi tu. Nyumbani ni kwenu.

Hadithi yangu nimeitua hapa, kama tenga. Mwenye nguvu aibebe.

Najua mnangoja nikiri kuhusu ile kanzu ya Twiga. Ile ni kweli tupu. Twiga alikuwa ameinama anakunywa maji, lakini kanzu ni kanzu. Kitu kimoja tu ndicho nilichokiongeza mwenyewe, kwa sababu watoto wanapenda hadithi imalizike vizuri, na mimi pia napenda.

Ni kile kiapo. Korongo hakuapa. Alipolitua tenga aliruka zake. Na leo mchana, nilipokuwa nakuja huku, nimemwona pembeni ya uwanja wenu pale, koti jeupe, soksi nyekundu, amesimama kwa mguu mmoja, anawatazama hawa watoto wanavyocheza.